Darubini ya jicho moja: usinunue namba, nunua mwanga

Ukipita kwenye maduka ya mtandaoni utakutana na darubini ndogo za jicho moja zenye lebo "40x60", bei chee, na picha ya mwezi umejaa kioo kizima. Ukiwa Moshi, wazo la kwanza ni Kibo: si nitaiona barafu yote nikiwa hapahapa mjini? Subiri kidogo. Tuisome lebo kwanza.

Namba ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni. 8x42 inakupa milimita 5.25. 40x60 inakupa 1.5 tu. Mboni ya kijana gizani hutanuka hadi karibu milimita 7. Kwa hiyo asubuhi na mapema, chini ya miti ya msitu wa Marangu, 40x60 ya kweli itakuonyesha giza. Na mtetemo wa mkono wako nao unakuzwa mara 40.

Hapo ndipo lebo inapojikanyaga. Kama yako inatulia mkononi na picha ina mwanga wa kutosha, kuna uwezekano mkubwa kwamba haikuzi mara 40. Hakikisha mwenyewe: ielekeze kwenye anga jeupe, mbali na jua, kisha isogeze mbali na uso. Utaona kiduara cheupe kwenye lenzi ya nyuma. Kipime kwa rula. Kikiwa milimita 6, ukuzaji hauzidi mara 10.

"Kumi si inatosha?" Inatosha sana! Tatizo ni kuuziwa kumi kwa jina la arobaini, halafu lenzi zenyewe zina ukungu pembeni. Mwanafunzi wa wanyamapori anayehesabu mbega matawini hahitaji namba kubwa. Anahitaji uwanda mpana wa kuona, ili kundi lisimpotee likiruka.

Na Kibo je? Kutoka mjini ni takriban kilomita 30 za hewa yenye vumbi na joto. Darubini hukuza mlima, na hukuza vumbi pia. Toka alfajiri, kabla mawingu hayajafunga. Hapo hata 8x itakuonyesha kingo za barafu, ambayo kati ya 1912 na 2007 ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake.

Sisemi jicho moja halifai. Kwa mwongozaji anayehesabu kila gramu begani, 8x25 ya mfukoni ni msaada wa kweli. Ila kwa kutazama ndege saa nzima, tafuta ya macho mawili. Jicho moja huchoka haraka.

La mwisho, na hili halina mjadala: usiitazame jua kamwe kwa darubini isiyo na kichujio maalumu mbele ya lenzi. Pesa utapata nyingine. Jicho hupati.