Sifa za Okyerema

Kila baada ya siku 42, Waasante hukusanyika kwenye kasri la Manhyia mjini Kumasi, nchini Ghana, kumwamkia mfalme wao siku ya Akwasidae. Wageni huikodolea macho dhahabu na miavuli mikubwa. Laiti wangemtazama kwanza yule asimamaye nyuma ya ngoma mbili ziitwazo atumpan, mikwiro yake imepinda ncha. Huyo ni okyerema, na kwangu ndiye mwanazuoni wa hafla nzima.

Atumpan moja ina sauti ya juu, ya pili ina sauti ya chini. Basi. Kitwi, lugha ya Waasante, ni lugha ya toni: silabi hupanda au hushuka, na maana hufuata humo. Okyerema huufuata mwendo huo kwa mikwiro. Lakini maneno mengi hulingana kwa toni, sasa msikilizaji atajuaje limetajwa lipi? Hapo ndipo ninapoustaajabia ufundi huu. Okyerema hasemi neno tupu. Hulivika sifa, lakabu, nasaba, pengine methali nzima, mpaka kauli irefuke kiasi cha kutoweza kuchanganywa na nyingine. Kwa hiyo anayetaka kupiga hadharani hana budi kwanza kuhifadhi kifuani majina ya wafalme na sifa zao, maana huko kuhifadhi ndiko kazi yenyewe. Mikono hufuata baadaye.

Wala haanzi na mfalme. Huanza kwa kuiamsha ngoma: huuita mti wa tweneboa uliotoa gogo, humwita tembo aliyetoa ngozi ya sikio, huziita kamba na vigingi, kila kimoja kwa heshima yake. Wasomaji wa tenzi watawakumbuka watunzi wetu wa kale, walioagiza wino na karatasi ndani ya beti zao za mwanzo.

Mchezaji naye hujibu. Katika adowa, ngoma ya misiba na ya furaha pia, miguu hukanyaga kwa upole na usemi wote umo mikononi. Kidole kikigusa kichwa, anasema jambo hili lataka fikra. Mikono ikielekezwa mbinguni, anamtazamia Mungu. Akiiviringisha kwa ndani kisha akaunyosha wa kulia pamoja na mapigo ya mwisho, ametamka kwamba hata akifungwa kamba atazikata. Pamoja na mapigo ya mwisho, si baada yake: akichelewa, kauli imekufa.

Mtafiti J. H. Kwabena Nketia, mzaliwa wa mji wa Mampong, aliyaandika mengi ya haya katika kitabu chake cha 1963 kuhusu ngoma za Waakan, ambao Waasante ni sehemu yao. Redio ya taifa nayo ilipotaka mlio wa kuwaitia wasikilizaji, ilichagua atumpan. Zilipolia, mwenye Kitwi chake alikwisha kusikia “Ghana, sikilizeni” kabla mtangazaji hajafungua kinywa.