Tazama Mabega ya Embe

Juzi niliwasikia watu wazima sokoni wakilisifu rundo la maembe ya dodo kwa umanjano wake, na muuzaji akisifiwa kuwa fundi wa kuvundika. Nikashika moja. Ngozi manjano tupu, nyama ngumu, kikonyoni hakuna harufu. Imenikera, kwa sababu kazi hii ina wenyewe.

Kuvundika hakupevushi. Embe hupevuka mtini. Shimo na gunia huliivisha lile lililokwisha kupevuka. Changa hata ulifukie wiki nzima litanyauka, ngozi itakunjamana, na nyama itabaki nyeupe na chachu.

Wasiojua hutazama rangi. Wewe tazama mabega. Lishike embe kikonyo kikiwa juu, ulilete usawa wa macho. Changa huteremka moja kwa moja kutoka kikonyoni, na kikonyo kimesimama kileleni. Likianza kupevuka, mabega hujaa. Likishapevuka hasa, mabega huinuka kupita mahali kikonyo kilipoota, kikawa kimezama kwenye kishimo. Pitisha kidole gumba hapo: kikitumbukia kidogo, lichume; kikiteleza kushuka, liache. Macho hudanganywa na kivuli cha majani, kidole hakidanganywi. Ukibaki na shaka, chuma moja ulitie kwenye ndoo ya maji: pevu aghalabu huzama, changa huelea.

Mzee mmoja wa Mkuranga alikuwa akipapasa mabega ya kila embe kabla ya kukata, tajiri amsubiri chini hata akasirike. Alikata na kikonyo kirefu ili utomvu usiruke, kisha kivulini akakifupisha na kuliinamisha embe juu ya nyasi mpaka utomvu uishe. Dodo zake hukuziona na michirizi myeusi.

Wajanja wana kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomelea. Huifunga kwenye karatasi, wakaifukia ndani ya tenga; unyevu wa maembe yenyewe watosha kuitoa gesi ya asetilini, na ngozi hugeuka upesi. Kabaidi hiyo huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na hayo ndiyo tunayowalisha watoto. Nusa chini ya tenga: ukipata harufu ya kitunguu saumu, ondoka. Au pasua moja. Embe lililoiva kwa haki huanza kugeuka rangi ndani, karibu na kokwa, ndipo ngozi ifuate. La kabaidi hutanguliza ngozi.

Vundika kwa majani makavu ya mgomba au gunia la mkonge, pahali pakavu, na ndizi mbivu moja katikati ukiwa na haraka. Mfuko wa plastiki hutoa jasho na kuleta ukungu. Maembe ya dodo na ya sindano hayalali shimo moja. Friji isubiri embe liive. Bichi likipozwa chini ya nyuzi 12 hivi hupata madoa na haliivi tena vizuri. Na hakuna embe lililovundikwa ndani ya pipa lililowahi kulifikia la shimoni. Zamani ua wa nyumba ulikuwa na shimo lake, bibi ndiye aliyelifunua, na mtoto aliyechungulia kabla ya harufu kutoka alichapwa.

Yale machanga yaliyoangushwa na upepo usiyavundike. Yakate vipande, uyatie chumvi na pilipili, uyaanike juani kwa achari.