Kona ya Bwawa la Laina: Namna ya Kuipima Kazi ya Fundi

Ukitaka kujua kama bwawa limejengwa na fundi anayeijua kazi yake, nenda moja kwa moja kwenye kona. Kuta zilizonyooka anaweza kuzijenga yeyote mwenye uzi na pima maji. Kona ndiyo inayomfichua mtu, na bwawa la laina likianza kusumbua, mara nyingi ugonjwa unaanzia hapo.

Kwa laina nina maana ya ile karatasi nene ya plastiki inayotandikwa ndani ya shimo au ndani ya kuta za matofali ili kuzuia maji. Huku Kasese na Bwera, watu wengi wakisikia bwawa la kuogelea hufikiria zege na vigae, lakini laina yenyewe si ngeni. Wafugaji wa samaki wanaijua, na wakulima wanaovuna maji ya mvua wanaijua. Mwenye nyumba ya wageni au shule anayetaka mahali pa watoto kuogelea bila kumwaga fedha zote kwenye nondo na vigae anaweza kuitumia vizuri sana. Tena nchi yetu yenyewe inaipendelea. Tunaishi ndani ya Bonde la Ufa, chini ya Rwenzori, mahali ambapo ardhi hutikisika. Tetemeko la Machi 1966 liliua zaidi ya watu mia moja pande hizi, na lile la Februari 1994 wengi wetu tunalikumbuka. Zege likipata ufa mwembamba kama unywele, maji yanaondoka. Laina iliyolala vizuri inapita juu ya ufa kama huo bila kukatika. Ila lazima iwe imelala vizuri, na hapo ndipo kona ya mviringo inapoingia.

Maji ni mazito. Katika kina cha mita 1, kila mita ya mraba inabeba tani nzima. Mzigo huo hauisumbui laina yenye kitu kigumu mgongoni mwake, kwa kuwa ukuta ndio unaoubeba, na laina inabaki na kazi yake moja tu ya kuzuia maji yasipite. Tatizo linaanza pale laina inapovuka kona bila kuigusa, ikaacha uwazi nyuma yake. Hapo laina inageuka ukuta. Katika kina hicho hicho cha mita 1, laina iliyopinda kwa nusu kipenyo cha sentimita 10 juu ya uwazi inavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 100 katika kila mita moja ya urefu wa kona. Haitapasuka siku hiyo. Itanyooka polepole, itakuwa nyembamba mwezi baada ya mwezi, na jua la ikweta litamalizia kazi. Fundi mzuri haachi uwazi huo utokee: anaipa kona mviringo ambao laina inaweza kuufuata bila kulazimishwa.

Je, mviringo uwe wa kiasi gani? Kwa bwawa la mita 4 kwa 8, mimi nachagua nusu kipenyo cha sentimita 60 bila kusita. Chini ya 15 sikubali, hata laina iwe imeshonwa kiwandani kwa vipimo. Kona nyembamba namna hiyo brashi haiingii, maji yanalala, na ukijani unaanza pale pale. Kwenda juu hadi mita 1 kunaleta uzuri wake, na watu huogopa bure kwamba watapoteza bwawa. Piga hesabu: kona nne za nusu kipenyo cha sentimita 60 zinakula eneo la mita za mraba 0.3 tu kwa jumla, na zinapunguza urefu wa ukuta kwa mita 1 na kidogo. Hata ukifika mita 1 kamili, eneo linalopotea halifikii mita ya mraba 1, na umeokoa ukuta wa mita 1.7. Matofali, saruji na laina vyote vinapungua. Kuna pia faida isiyoonekana. Siku utakapoliacha bwawa tupu ili ulisafishe, udongo wa nje unasukuma ukuta kuelekea ndani, na ukuta uliopinda kuelekea nje unaupokea msukumo huo kwa kubana matofali yake pamoja, wakati pembe kali inaweza kufunguka kwenye maungio.

Sasa njoo na uzi. Kona ikishakuwa ya mviringo huwezi tena kuipima kwa macho, na fundi mvivu anajua hilo. Funga uzi mmoja ukifuata ukuta wa kwanza na uuendeleze mbele kupita kona. Funga mwingine ukifuata ukuta wa pili, mpaka nyuzi zikutane mahali ambapo pembe kali ingekuwa. Kutoka pale zinapokutana, pima kwa mshazari mpaka kati ya mviringo. Kona ya nusu kipenyo cha 60 lazima itoe karibu sentimita 25. Ya 30 inatoa 12 na nusu, ya 90 inatoa 37. Zidisha ulichopata kwa 2.4 na utajua fundi amejenga nini hasa. Fanya hivyo juu, katikati na chini kwenye sakafu, katika kona zote nne. Jibu likibadilika kwa zaidi ya sentimita 2, mwambie arudi kwenye mwiko wake.

Hili lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana, hasa kama laina inaagizwa ikiwa imeshonwa tayari. Kiwanda kinakata kwa vipimo ulivyotuma. Ukiandika kona za 60, kisha fundi akajenga za 50, mzunguko wa kuta zako unakuwa mrefu kuliko laina kwa sentimita 17. Watakuja vijana wanne kuivuta, wataifikisha, na watakuambia imekaa. Imekaa, lakini imevutwa, na kila kona inatafuta njia ya kujilegeza. Kosa likiwa upande wa pili, unapata mikunjo isiyoisha. Kwa hiyo utaratibu ni mmoja: jenga kwanza, piga lipu, ngoja ikauke, pima kwa uzi, ndipo uagize.

Nikifika kwenye kazi na kukuta kipande cha bomba la chuma kimesimamishwa wima kwa timazi kwenye kitovu cha kona, kikiwa na mkono wa mbao unaozunguka, moyo wangu unatulia. Fundi huyo anapanga kila tofali mpaka liguse ncha ya mbao, na baadaye anapitisha mkono ule ule kwenye lipu mbichi kuanzia sakafuni hadi juu. Matofali yetu ya kuchoma hayapindi, hivyo kwenye kona anayakata nusu na kuyapanga kwa kichwa. Ukiona matofali mazima yamelazwa kwenye kona ya 60, jua pembe zake zimejitokeza na lipu imepewa kazi ya kuziba aibu: nene hapa, nyembamba pale. Gonga kwa kifundo cha kidole. Lipu iliyoshika ina sauti fupi na nzito, na iliyoachana na tofali inasikika tupu.

Halafu kata boksi la karatasi ngumu kwa umbo la mviringo unaotakiwa. Liweke kwenye kona na ulishushe polepole kutoka juu hadi chini, mwenzako akimulika tochi upande wa pili. Mwanga ukipenya, kuna bonde. Boksi likiyumba, kuna kilima. Malizia kwa kiganja kitupu. Mchanga wa mito yetu una chembe kubwa. Usipochekechwa vizuri, chembe inabaki imesimama kwenye lipu na tani za maji zitaikandamiza laina juu yake mchana na usiku. Kiganja kikikwaruzwa, laina nayo itakwaruzwa.

Wengi wanaisahau kona ya chini, pale ukuta unapokutana na sakafu. Nayo inataka mviringo wake, mdogo tu, sentimita 10 hadi 15, na mahali inapokutana na kona ya wima lazima pawe kama ndani ya bakuli. Hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko pote, kwa sababu bakuli halifanyiki kwa rula wala kwa mkono wa mbao. Linafanyika kwa mwiko na subira. Mimi hupiga magoti na kuanza ukaguzi wangu hapo.

Kwa shimo la udongo linalotandikwa laina bapa, isiyoshonwa kwa umbo, hesabu ni nyingine. Karatasi bapa haiwezi kuingia shimoni bila kubakiza ziada kwenye kona. Kwa kuta za wima zenye kina cha mita 1.5, pembe kali inabakiza mita 3 za ziada pale juu. Ukiizungusha, inabaki mita 2.4, tena bila kujali umezungusha kwa nusu kipenyo gani. Kinachobadilika ni nafasi ya kuigawa: kona pana inakupa mikunjo mingi midogo iliyolala upande mmoja, na kona finyu inakulazimisha kukunja furushi. Dawa kubwa zaidi ni kulaza kuta. Ukizipa mteremko ambao kwa kila mita ya kina unatoka mita moja nje, ziada ya kona ya mviringo inashuka hadi chini ya mita 1. Kwa bwawa la udongo, mteremko pamoja na kona pana ndio usanifu ninaoupendekeza. Na maungio ya kuchomelea yasipite kwenye kona hata siku moja. Yashuke katikati ya kuta zilizonyooka.

Hali ya hewa ya bondeni Kasese ina jambo lake. Laina nyeusi ya aina ngumu inatanuka sana kwa joto: kipande cha mita 10 kikipata moto wa nyuzi 30 zaidi ya ule wa alfajiri kinaongezeka karibu sentimita 6. Fundi akiitandika saa nane mchana, ikiwa imelegea na kutii, akaibana kingo zake pale pale, usiku itajivuta na kujinyanyua kutoka chini ya kila kona. Asubuhi utaikuta inaning'inia, na ukiipiga kwa kiganja itarudisha kama ngozi ya ngoma. Anayejua kazi huacha ulegevu wa makusudi, huanza kujaza maji asubuhi kukiwa na baridi, na hufukia kingo baada ya maji kuituliza laina mahali pake.

Udongo nao haufanani kila mahali. Mji wa Kasese umekaa juu ya mchanga na mawe yaliyoshushwa na mto Nyamwamba. Gharika za Mei 2013 na Mei 2020 zilimwonyesha kila mtu ukubwa wa mawe hayo. Ukichimba pembe kali kwenye udongo kama huo inabomoka yenyewe, ndiyo maana kuizungusha tangu kwenye sururu ni akili. Kila jiwe lenye ncha litolewe, shimo lake lizibwe kwa udongo laini ushindiliwe, na kitambaa kizito kitandikwe chini ya laina. Wasiopata kitambaa hutumia mazulia makuukuu, na kwa bwawa dogo la samaki sina ugomvi nao.

Bwera ni vilima. Huko bwawa huchongwa kwenye mteremko: upande wa juu unakatwa, udongo wake unamwagwa upande wa chini ili kupata usawa. Kona mbili za juu zinakaa kwenye ardhi ambayo haijawahi kuguswa, na kona mbili za chini zinakaa kwenye kifusi. Kifusi hutitia, hasa baada ya msimu mmoja wa mvua. Ukikagua bwawa Bwera, kona za chini ndizo za kuhoji. Uliza kifusi kilishindiliwa kwa tabaka za unene gani. Ukisikia sentimita 15 au 20, endelea na mazungumzo. Ukisikia kwamba mvua itakishindilia yenyewe, funga daftari.

Juu kabisa kuna reli ya alumini inayoishika laina. Kwenye kona nzuri reli imepindwa taratibu mpaka ikafuata mviringo. Kwenye kona mbaya imekatwakatwa kwa msumeno ili ikubali kupinda, na kila mkato una makali. Pitisha kidole.

Usimalize kumlipa fundi siku maji yanapojaa. Weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, usawa wa maji ya ndoo ulingane na wa bwawa, na utie alama kwa pande zote mbili. Jua litakunywa kutoka kote kuwili sawasawa. Ngoja siku saba bila pampu na bila waogeleaji. Vikishuka pamoja, mlipe fundi wako pesa yake yote na umshukuru kwa jina mbele ya jirani zako, maana mafundi wa namna hiyo tunawahitaji. Bwawa likishuka kuliko ndoo, piga magoti kwenye kona, uanze na zile za upande wa chini.