Ugonjwa wa L, dawa ya H

Injini ya gokati iliyonata wikiendi moja Morogoro iliuawa na bisibisi. Joto limesingiziwa tu. Walioangalia wanakumbuka: moshi mwingi, na gari kukohoa kila dereva alipokanyaga mafuta akitoka kona. Fundi akainama, akaishika sindano H ya kabureta ya Tillotson, akaifunga robo mzunguko.

Siku ilikwisha pale pale.

Injini inayokohoa kwenye mizunguko ya chini inalalamikia sindano L, au bado ni baridi. H hutawala mafuta yakikanyagwa mpaka mwisho. Kuifunga ni kuinyima pistoni petroli pale inapoihitaji kuliko wakati mwingine wowote, na katika tu-stroki petroli ndiyo inayobeba oili. Ukipunguza kimoja, umepunguza vyote viwili.

Na kabureta yenyewe ilikuwa imeletwa na mpangilio wa Nairobi! Kule, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo sindano hubanwa. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi. Kwa joto lile lile, hewa ya hapa ni nzito kwa karibu asilimia 14, na asubuhi, kabla jua halijapanda, ubaridi unaizidishia uzito. Maana yake, H ilitakiwa kufunguliwa kabla gari halijashuka kwenye trela. Fundi akaikuta imebana, akabana tena.

Mizunguko miwili iliyofuata iliwadanganya wengi. Mchanganyiko mkavu huipa injini mlio mkali na wepesi wa muda mfupi, na tayari watu walishaanza kumpongeza. Mwisho wa mstari ulionyooka dereva akaachia mafuta. Gokati lile halina klachi: magurudumu ya nyuma yakaendelea kuizungusha injini, petroli imekatika, oili nayo imekatika. Pistoni iliyokwisha kuvimba kwa joto ikanata kwenye silinda. Plagi ilitoka nyeupe kama chokaa.



Wazee wa mchezo huu walilijua tatizo hilo. Enzi za injini za 100cc, kizazi cha Ayrton Senna, aliyekuwa wa pili duniani mwaka 1979 na 1980, dereva aliziba tundu la hewa kwa kiganja kabla ya kona ili injini ivute petroli na oili ya ziada. Kwenye rali nako, Erik Carlsson alipomaliza wa pili Safari Rally ya 1964, nyuma ya Ford Cortina ya Peter Hughes, Saab yake ya tu-stroki ilikuwa na gia inayoachia magurudumu yazunguke bila kuiburuza injini. Leo kiganja kimeshika simu yenye jedwali la mtu aliyepanga kabureta Italia, na safu hii haitachoka kulisema hilo.

Kazi iliyotakiwa ilikuwa ya dakika chache: kufungua H kidogo, kuipasha injini, kurekebisha L, kukimbia mizunguko mitatu, kuzima, kuchomoa plagi na kusoma rangi yake. Ikitoka nyeusi, unaanza kufunga kidogo kidogo mpaka iwe kahawia. Kwa kuiruka kazi hiyo, mwenye gari sasa ananunua pistoni na ringi, na silinda inakwenda kuchongwa.