Kisanduku cha Kabila: Uhakiki wa Rekodi ya Katalogi katika Programu za Makumbusho, kwa Kurejelea Mikusanyo ya Rwanda

Ikisiri

Makala hii inaihakiki rekodi ya katalogi ya makumbusho kama matini yenye mtunzi, wakati na msimamo. Kwa kurejelea mikusanyo ya Rwanda, iliyoko nchini na iliyoko ng'ambo, inadai kuwa kasoro kubwa ya programu za kuorodhesha si gharama wala ugumu wa matumizi, bali ni jinsi zinavyoigeuza kauli ya mtu mmoja kuwa sifa ya kifaa. Inapendekeza kauli hizo zihifadhiwe zikiwa kauli.

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu programu za kuorodhesha mikusanyo huanzia kwenye bei, uwezo wa kompyuta na mafunzo ya watumishi. Hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Mashine hupokea rekodi, na rekodi ni utanzu wa maandishi wenye kanuni zake: jina la kifaa, mtengenezaji, mahali, tarehe, kabila, aliyekitoa. Mhakiki akiisoma rekodi hiyo hana budi kuuliza maswali anayoiuliza matini yoyote: nani anasema, anasema lini, anamsemea nani, na ni nani aliyenyamazishwa?

Rwanda inayapa maswali hayo uzito wa pekee. Mwaka 2020 iliundwa Inteko y'Umuco kwa kuunganisha taasisi zilizoshughulikia lugha na utamaduni, makumbusho, pamoja na nyaraka na maktaba. Hivyo msanifu wa istilahi, mtunza vifaa na mtunza nyaraka wanaitumikia taasisi moja. Nchi nyingine za ukanda wetu bado zimewatenganisha watu hawa, na mgawanyiko huo ni miongoni mwa sababu za rekodi kuandikwa bila mtaalamu wa lugha kuulizwa.

2.0 Kisanduku kinachouliza kabila

Tuchukue mfano wa agaseke, kikapu chenye mfuniko uliochongoka. Katika katalogi nyingi za makumbusho ya Ulaya na Marekani, kikapu cha aina hii kimeandikwa "Tutsi" kwenye kisanduku cha kabila au utamaduni. Msomaji wa mbali huliona neno hilo kuwa maelezo ya kawaida. Kwa Mnyarwanda si maelezo ya kawaida. Katika miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji uliandika Hutu, Tutsi au Twa kwenye kitambulisho cha kila raia. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja liliamua nani aishi na nani auawe. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kisanduku hicho kiliondolewa kwenye vitambulisho. Katika katalogi za ng'ambo hakikuondolewa, na kila data inapohamishiwa Kigali, neno hilo huja nayo.

Tatizo si la siasa tu, ni la tafsiri pia. Neno la Kinyarwanda lililotumika kwa kisanduku hicho, ubwoko, lina maana pana: aina, na pia ukoo. Koo kama Abanyiginya, Abega na Abasinga zilijumuisha Wahutu, Watutsi na Watwa. Kwa hiyo mzee aliyeulizwa ubwoko wake angeweza kutaja ukoo, huku karani akiwa na majibu matatu tu ya kuchagua. Programu inayotoa orodha ya maneno ya kubofya humrudisha mtunza vifaa wa leo kwenye kiti cha karani yule.

Mbele ya hali hii kuna njia mbili nyepesi. Ya kwanza ni kuliacha neno kama lilivyo, kwa hoja kwamba data asilia haiguswi. Hoja hii inasahau kwamba programu hailiachi neno likae kimya: hulitumia kupanga, kuchuja na kuhesabu, hata mtafiti akapata kwa mbofyo mmoja "vifaa vya Watutsi", kundi ambalo huenda wasusi wenyewe hawakulijua. Njia ya pili ni kulifuta. Hii ina nia njema, lakini hufuta pia ushahidi wa namna ukoloni ulivyowagawa watu. Anayefuta hatia ya katalogi humfutia pia aliyeiandika.

3.0 Kauli si sifa

Madai ya makala hii ni kwamba ipo njia ya tatu: kulihamisha neno kutoka kwenye sifa za kifaa na kulifanya kauli yenye msemaji. Badala ya rekodi kusema "Kabila: Tutsi", iseme kwamba mkusanyaji fulani, katika mwaka fulani, alikiita kifaa hiki hivyo. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ni tofauti ile ile anayoizingatia mhakiki kati ya sauti ya mhusika na sauti ya msimulizi. Teknolojia haizuii jambo hili. CIDOC CRM, modeli iliyokuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006, inauruhusu uainishaji wenyewe kuandikwa kama tukio lenye mtendaji na tarehe. Programu huria kama CollectiveAccess nazo humruhusu mtumiaji kujitungia visanduku vyake.

Umuhimu wa kutofuta unathibitishwa na mkasa mzito zaidi. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani. Mafuvu 904 yalitambuliwa kuwa ya maeneo ya Rwanda ya leo, 202 ya Tanzania na 22 ya Kenya. Maandishi ya wakusanyaji yalikuwa sehemu ya ushahidi wa utambuzi huo. Maandishi yale yale yaliyomgeuza binadamu kuwa namba yamekuwa njia ya kumtafutia kwao. Lau yangesafishwa, njia ingepotea.

4.0 Jina la kifaa na lugha ya ukanda

Kisanduku cha jina nacho kina kasoro yake. Inanga, ala ya nyuzi ya Rwanda na Burundi, hujulikana kama enanga kwa Wahaya wa Tanzania na katika kusini-magharibi mwa Uganda. Katalogi ya Ulaya huweza kuziita zote kwa jina moja la ala za Kizungu. Anayetafuta kwa jina la kwao hapati kitu, na anayepata kwa jina la kigeni hajui kuwa amekutana na ndugu wanne. Suala hili si la nadharia. Mwaka 2021 Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati ya Tervuren, Ubelgiji, yaliikabidhi Rwanda nakala za kidijitali za rekodi za muziki zaidi ya 4,000. Sauti zimerudi, swali ni kama zitapatikana kwa majina ya wanaozijua.

Mwaka 1996 ICOM ilichapisha mwongozo wa viwango vya kuorodhesha mikusanyo ya Afrika, uliotayarishwa na makumbusho ya nchi 6 za bara hili, Kenya ikiwemo. Ulitoka kwa Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi nchini Rwanda, bado kinadaiwa kazi hiyo. Kazi yenyewe si kulitafsiri agaseke kuwa "kikapu". Ni kuyaacha majina ya wenyeji yasimame, kisha kuyaunganisha kwa maelezo ya Kiswahili yanayosomeka Bukoba, Bujumbura na Goma.

5.0 Mikusanyo ya familia

Picha za marehemu zilizotolewa na jamaa zao na kutundikwa kwenye Kumbukumbu ya Gisozi zinatufundisha kuwa mwenye picha ndiye mwenye maelezo. Familia nyingi bado zina picha, ngoma na barua majumbani. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi inapaswa kuongoza namna zinavyoorodheshwa. Programu ya Mukurtu, iliyoanzia kwa Wawarumungu wa Australia, inaonyesha kuwa jamii yenyewe inaweza kuamua nani aone nini. Ngazi hizo za uwazi ziwe sharti la kwanza, maana familia inayoogopa kwamba kuorodhesha ni kunyang'anywa haitafungua sanduku lake.

6.0 Hitimisho

Itasemwa kuwa rekodi ya namna hii ni ghali na watumishi ni wachache. Ni kweli; kwa hiyo ianze na visanduku vitatu tu: kabila, mtengenezaji na namna kifaa kilivyopatikana. Kila kauli katika visanduku hivyo iwe na msemaji na tarehe, na programu yoyote isiyoweza kulibeba sharti hilo isinunuliwe, hata ikitolewa kwa msaada. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki nayo ishirikiane na makumbusho ya nchi wanachama kuandaa istilahi za pamoja, ikianza na ala za muziki, ambazo zilivuka mipaka kabla mipaka haijachorwa. Rwanda ilikwisha kuamua kuwa kitambulisho cha mtu hakitauliza tena swali lile. Kitambulisho cha kikapu chake nacho kistahili uamuzi, si kurithi jibu.