Mkono wa Nani? Filamu tatu za kutisha za Kihachiro Kawamoto

Ijumaa moja niliwaonyesha vijana wetu filamu fupi ya Kijapani. Projekta ilikuwa ya kuazima na betri ya sola ilikuwa nusu, kwa hiyo nilitafuta kitu kisichozidi dakika kumi. Nikachagua *Oni* ya Kihachiro Kawamoto, ya mwaka 1972. Ni ya dakika 8. Oni kwa Kijapani ni zimwi.

Hadithi ni hivi. Ndugu wawili wawindaji wana mama mzee. Usiku wanaingia porini. Wakiwa gizani wanavizia, mkono unamshika mkubwa kichwani. Mdogo anapiga mshale, mkono unakatika. Wanarudi nao nyumbani, na kule wanagundua mkono ni wa mama yao. Aligeuka zimwi ili ale wanawe.

Banda lote lilipiga kelele. Nilifurahi, nikasema kazi imefanyika. Kumbe bado.

Kesho yake asubuhi kwenye bomba la maji nikasikia watoto wanamwita bibi mmoja "Oni! Oni!" Ni bibi anayeishi peke yake, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni, na mkono mmoja anauficha kwenye kitenge kwa sababu unamuuma. Mtoto mmoja akanivuta shati: "Yaya, ule mama ni muchawi kweli?" Nilisikia baridi mwilini. Sisi tuliotoka Fizi na Uvira tunajua neno kama hilo linaanza kwa kicheko na linaweza kuishia kwa mawe. Na safari hii neno nilikuwa nimelileta mimi.

Kwa hiyo nilirudi kwenye filamu zake nyingine, nijue huyu mtu anasema nini hasa juu ya wanawake wanaogeuka.

Kawamoto alizaliwa Tokyo mwaka 1925, akafariki 2010. Alianza kazi kwenye studio ya sinema ya Toho, upande wa mapambo ya jukwaa, kisha akaingia kwenye wanasesere. Mwaka 1963, akiwa tayari mtu mzima wa miaka 38, alikwenda Prague, Chekoslovakia, kujifunza kwa Jiří Trnka, fundi mkubwa wa filamu za wanasesere. Trnka alimwelekeza aangalie mila za kwao. Yaani alisafiri mbali sana ili aambiwe kwamba anachotafuta kiko nyumbani. Sisi tulio mbali na nyumbani tunaelewa jambo hilo, ila yeye alikuwa na tiketi ya kurudi.

Aliporudi Japani alichukua kutoka Noh, ile tamthilia ya zamani ya vinyago. Kwenye Noh kinyago hakibadiliki. Mchezaji akikiinamisha kidogo unaona huzuni, akikiinua unaona kama anatabasamu. Wanasesere wa Kawamoto wanafanya vivyo hivyo. Na kazi yake ni ya polepole ajabu: unamsogeza mwanasesere kidogo, unapiga picha, unamsogeza tena. Sekunde moja ya sinema ina picha 24. Hesabu mwenyewe dakika 8: ni zaidi ya picha 11,000. Mtu aliyevumilia hivyo hakuweka kitu kwa bahati mbaya.

Sasa niseme ukweli wangu. *Oni* ni nzuri sana kama filamu, lakini ndiyo dhaifu kuliko nyingine mbili kwa upande wa moyo. Kisa kimetoka kwenye kitabu cha kale, *Konjaku Monogatari*, na Kawamoto anakifuata karibu kama kilivyo. Mama hapewi nafasi ya kueleza. Hatujui njaa yake, hatujui siku ngapi amekaa peke yake wanawe wakiwa porini. Tunaona mkono, halafu tunaona zimwi. Trnka, mwalimu wake, naye alitengeneza filamu kuhusu mkono, *Ruka*, mwaka 1965. Ule ni mkono mkubwa unaomlazimisha msanii maskini achonge sanamu yake, na kila anayeitazama anauona utawala. Mkono wa mwalimu ulikuwa wa mwenye nguvu. Mkono wa mwanafunzi ni wa kikongwe. Hapo ndipo ninapogombana na Kawamoto.

Lakini hakuishia hapo. Mwaka 1976 alitoa *Dojoji*, dakika 19. Mtawa kijana yuko safarini kwenda kuhiji, mwanamke anampenda. Kijana anakimbia. Mwanamke anamfuata mpaka mtoni, na ndani ya maji anageuka joka. Kijana anafichwa chini ya kengele ya hekalu, joka linaizunguka na kuichoma. Huyu naye anageuka, ndiyo, ila tofauti na *Oni*, tunamwona *akigeuka*. Tumekimbia naye, tumeona nywele zinavyofumuka. Kufika mtoni tayari unaogopa na unamhurumia kwa pamoja.

Kisha 1979, *Kataku*, maana yake nyumba inayowaka. Nayo ni ya dakika 19, kutoka kisa cha Noh. Msichana Unai anapendwa na vijana wawili. Hawezi kumchagua mmoja na kumuumiza mwingine, basi anajitupa mtoni. Wale wawili nao wanauana. Baadaye roho yake inateswa kwa moto, kwa makosa ambayo si yake. Huyu hageuki kitu chochote. Hajala mtu, hajachoma mtu. Bado anaungua. Kwangu hii ndiyo filamu yake ya kutisha kuliko zote, maana zimwi halipo na mateso yapo.

Ukizipanga 72, 76, 79, unaona mtu anayesogea. Mwanzoni anamwogopa mwanamke, halafu anamfuata, mwisho anakaa upande wake. Hakusema hivyo yeye, nasema mimi, baada ya kuzitazama mara nyingi kwenye simu.

Ijumaa iliyofuata niliziweka zote tatu, na safari hii tukaongea. Msichana wa miaka kumi na tano akasimama: "Yule mdogo alipiga mshale mbele ya kuuliza mkono ni wa nani." Kijana mmoja akamjibu kwamba ndugu yako akishikwa gizani huna muda wa kuuliza. Wakabishana mpaka betri ikaisha, na kwa kweli wote wawili wana haki. Kwenye filamu yule mama alishika kweli. Lakini bibi wa kwenye bomba hajamshika mtu.

Jumamosi nilikwenda kwake na wale watoto watatu, kila mmoja na dumu lake. Nilimweleza kosa langu. Alinisikiliza, akauliza hiyo sinema inaonyeshwa siku gani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwalika.

Nimemwambia Ijumaa. Tutaanza na *Kataku*.