Picha na Ulimi: Uhakiki wa Sinema za Gualtiero Jacopetti

Ipo aina ya sinema ambayo bidhaa yake ni mshtuko. Mtengenezaji wake hatafuti hadithi nzuri wala waigizaji hodari. Hutafuta damu, uchi na vituko, kisha huviuza kwa umma kwa jina la ukweli. Miongoni mwa walioiasisi ni Mwitaliano Gualtiero Jacopetti (1919–2011). Hadi leo anao wapenzi wanaozitafuta na kuzitetea kazi zake. Na kwa kuwa mojawapo inatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki na Kongo, haifai tuwaachie wageni peke yao kazi ya kuihakiki.

Kabla ya kuongoza sinema, Jacopetti alikuwa mwandishi wa magazeti, kisha mtungaji wa maelezo ya filamu fupi za habari. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa kazi yake yote: alikuwa mtu wa maneno kwanza, mtu wa picha baadaye. Mwaka 1962, pamoja na Paolo Cavara na Franco Prosperi, alitoa Mondo Cane, mkusanyo wa desturi na maajabu ya mataifa mbalimbali yaliyounganishwa na sauti ya msimulizi mwenye kejeli. Filamu hiyo ilishindanishwa Cannes, wimbo wake ukateuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na waigaji wakawa wengi hata neno "mondo" likawa jina la aina nzima ya sinema.

Kazi inayotuhusu ni Africa Addio, yaani "Kwaheri Afrika", aliyoitoa pamoja na Prosperi mwaka 1966 baada ya kuzunguka bara letu wakati wakoloni wakiondoka. Kwa upande wa fani, haki yake tumpe: kamera imetumiwa kwa ustadi na muziki wa Riz Ortolani unavuta moyo. Kasoro imo katika maudhui, na maudhui hayo hayaletwi na picha bali na ulimi. Msimulizi anatuambia kwamba Ulaya imemtelekeza Afrika kama mzazi amwachaye mtoto mchanga. Mwalimu wa lugha ataona mara moja sarufi ya dai hilo: Ulaya ndiyo mtenda, Afrika ni mtendwa. Waafrika huonekana kwa makundi, na maana ya matendo yao huelezwa na mwingine. Walowezi wa Kenya wanapoacha mashamba yao, tunaalikwa kuhuzunika. Swali la jinsi ardhi ile ilivyopatikana halipewi uzito.

Hoja hii inakuwa nzito zaidi tufikapo Zanzibar. Januari 1964, wapigapicha wake walinasa kutoka angani miili ya waliouawa na watu waliokimbilia pwani kujiokoa. Picha hizo ni miongoni mwa ushahidi adimu wa sinema kuhusu siku zile, na zipo jamaa, Unguja na Oman, ambao kwao si burudani bali ni msiba. Vifo vile vilikuwa vya kweli, na utu unatukataza kuvikanusha kwa sababu tu aliyevipiga picha hatumpendi. Lakini picha ni shahidi, wala si hakimu. Jacopetti aliwafanya marehemu wale kuwa hoja ya kuonyesha kwamba Mwafrika hawezi kujitawala. Picha ilisema kweli. Ulimi ukaitumia kwa uongo.

Kuhusu Kongo, gazeti la L'Espresso lilidai kwamba watu waliuawa kwa kufuata mahitaji ya kamera. Jacopetti alichunguzwa nchini Italia akaonekana hana hatia. Sheria ilikomea hapo, lakini uhakiki haukomei hapo: kifo cha mtu kilikuwa kimekwisha kuwa kivutio cha kuuzia tikiti.

Mapokezi yaligawanyika. Italia ilimpa mtayarishaji Angelo Rizzoli tuzo ya David di Donatello; Berlin Magharibi, wanafunzi waliandamana mwaka 1966 kuipinga. Baadaye wafanyabiashara wa Marekani waliikata wakaiita Africa Blood and Guts, yaani Afrika ya damu na matumbo. Jina hilo lilikuwa jeuri, lakini lilitaja bidhaa waziwazi.

Ili kujibu tuhuma za ubaguzi, Jacopetti na Prosperi walitoa Addio Zio Tom mwaka 1971, juu ya utumwa wa Marekani. Waliipiga Haiti kwa idhini ya Duvalier, wakawatumia maskini wa huko, wengi wakiwa uchi, kuigiza watumwa. Hivyo walilaani soko la watu kwa kujenga soko jingine mbele ya kamera. Baada ya Mondo candido ya mwaka 1975, ushirikiano wao katika uongozaji ulikwisha.

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Jacopetti alijua kwamba mwenye macho huambiwa, tena hutii. Kupiga marufuku sinema kama hizi hakutoshi. Wanafunzi wa madarasa ya juu na waonyeshwe kipande cha filamu ya habari bila sauti, waandike maelezo yao, kisha sauti ifunguliwe walinganishe. Waulizwe: nani anasema, nani anasemewa, na ni neno gani lililoongezwa ambalo jicho halikuliona? Somo hilo litawafaa siku zote watakazokuwa watazamaji.